Kisanduku cha kutafutia: tovuti yako inakihitaji, au menyu inatosha?

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huku Area D, Dodoma, alinipigia simu siku mbili kabla sijamkabidhi tovuti yake. Alikuwa ameipitia yote kwenye simu yake, ameridhika na picha za vyumba, ameridhika na bei zilivyopangwa, ila palibaki jambo moja.

"Mwanangu, tovuti ya jirani yangu ina kile kisanduku cha kutafutia pale juu. Kwangu mbona hujaweka?"

"Mama, tovuti yako ina kurasa tisa. Mgeni atafute nini?"

Akanyamaza kidogo. "Basi hata chumba."

Mwezi huohuo nilikuwa na kazi nyingine upande wa Kizota, duka la vifaa vya ujenzi lenye bidhaa zaidi ya elfu moja. Mwenye duka huyu alikuwa kinyume kabisa cha mama: kisanduku hakitaki. "Kaka, mteja akikwama atapiga simu." Asiyehitaji alikuwa anadai, anayehitaji alikuwa anakataa. Tangu hapo nimekutana na hali hiyo mara nyingi, na ndiyo sababu ya kuziweka tovuti hizi mbili ubavu kwa ubavu, pamoja na ya tatu ya viwanja, ili anayetengenezewa tovuti Dodoma, Singida au popote ajue anachokilipia.

Nyumba ya wageni na duka la vifaa

Wengi huanza na kuhesabu kurasa. Kuhesabu kunasaidia, lakini kunakuja baada ya swali kubwa zaidi: mtu anapofungua tovuti yako, tayari anajua jina la kitu anachokitaka?

Mgeni wa yule mama hajui jina la chochote. Ameshuka kwenye treni ya SGR usiku, au ana kikao asubuhi kwenye ofisi za Serikali Mtumba, au ni msimu wa Bunge na vyumba mjini vimebana. Anataka kujua mambo manne: chumba ni shilingi ngapi, kinafananaje, ni umbali gani kutoka anakokwenda, na apige namba gani. Yote hayo yanakaa kwenye ukurasa mmoja. Ukimwekea kisanduku pale juu, umemwomba aandike wakati alikuja kutazama. Tena kwenye simu, akigusa tu kile kisanduku kibodi inapanda na kufunika nusu ya kioo, na picha uliyoilipia mpiga picha inapotea. Nafasi ile ya juu kwa tovuti ya namna hii ni ya kitufe cha kupiga simu. Kwa mama ndicho nilichoweka, na pembeni yake ramani.

Mteja wa Kizota ni mtu mwingine. Huyu ni fundi aliyesimama saiti Nala au Iyumbu, juani, ana karatasi ya mahitaji mkononi: nondo milimita 12, bati geji 28, kitasa cha mlango wa mbele, gundi ya mabomba. Kila kitu kwenye karatasi hiyo kina jina, na majina anayajua kuliko mimi. Sasa mpe menyu. Gundi ya mabomba iko kundi la "Mabomba" au kundi la "Gundi na Rangi"? Kitasa kiko "Milango" au "Vifaa vidogo"? Kila kundi analofungua linamla bando na muda, na akikosea mara mbili anafunga. Mwenye duka anasema atapiga simu. Wengine watapiga, ni kweli, lakini wengine watapiga kwa muuzaji mwingine.

Kwa uzoefu wangu, chini ya kurasa thelathini zilizopangwa vizuri kisanduku hakina kazi, labda kurasa hizo ziwe ndefu sana. Na hata zikiwa ndefu, simu na kompyuta tayari zina namna ya kutafuta neno ndani ya ukurasa ulio wazi: Ctrl na F kwenye kompyuta, au menyu ya kivinjari kwenye simu. Orodha ya bei yote kwenye ukurasa mmoja, yenye vichwa vinavyosomeka, inamsaidia mtu kuliko kisanduku kinachomrudisha kwenye ukurasa uleule. Kuanzia mia kadhaa, hasa kama ni bidhaa, hotuba, matangazo au nyaraka zinazoongezeka kila wiki, menyu peke yake inaanza kuzidiwa. Katikati hapo panaamuliwa na lile swali la jina.

Viwanja: mahali ambapo wengi hukosea

Tangu Serikali ihamie Dodoma, na hasa tangu mji upandishwe hadhi kuwa jiji mwaka 2018, tovuti za viwanja zimekuwa nyingi. Karibu kila mteja wa biashara hiyo huja akisema anataka "sehemu ya kutafuta". Ukimuuliza mteja wake anatafuta nini, atakuambia: kiwanja Msalato, kisichopungua mita za mraba 600, chenye hati, kisizidi kiasi fulani cha fedha.

Sasa jiulize mtu huyo ataandika nini kwenye kisanduku. Akiandika "Msalato 600", kisanduku kitatafuta tarakimu 600 kama maandishi. Kiwanja cha mita 650, ambacho angekipenda zaidi, hakitaonekana. Kisanduku hakijui kwamba 650 ni kubwa kuliko 600. Bei ndiyo kabisa, kwani mmoja ameandika 12,000,000, mwingine milioni 12, mwingine 12M.

Anachohitaji mteja huyu ni vichujio: eneo achague kwenye orodha (Msalato, Ihumwa, Nzuguni, Nala), ukubwa aseme kuanzia ngapi, bei aseme mwisho ngapi, hati ajibu ipo au haipo. Anagusa tu, haandiki kitu. Faida nyingine hailipiwi: akifungua orodha ya maeneo anaona una viwanja wapi na huna wapi, jambo ambalo kisanduku kitupu hakimwambii kamwe.

Vichujio vina gharama yake, nayo ni nidhamu ya kuingiza taarifa. Kila kiwanja lazima kijazwe ukubwa mahali pa ukubwa na bei mahali pa bei, kwa tarakimu tupu. Ukimwachia dalali aandike maelezo yote kwenye aya moja kama anavyoandika WhatsApp, hakuna kichujio kitakachofanya kazi. Nikiona mwenye biashara hana mtu wa kufanya kazi hiyo kila siku, namshauri abaki na kurasa za maeneo, moja kwa kila eneo, mpaka ampate.

Bidhaa zenye sifa zinazopimika ziende kwenye vichujio, na zenye majina ziende kwenye kisanduku. Duka la Kizota liliishia na vyote viwili: kisanduku juu, na ndani ya kundi la mabati vichujio vya geji na rangi.

Kiswahili hubadilika kichwani

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili sioni wakilizungumzia vya kutosha wanaotuuzia tovuti, na ndilo linaloamua kama kisanduku chako kitamsaidia mtu au kitamfukuza.

Siku ya kujaribu tovuti ya Kizota tulikuwa watatu mbele ya kaunta: mimi, mwenye duka, na kijana wake anayeuza. Tovuti ilikuwa ya WordPress, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti, na kisanduku kilikuwa kilekile kinachokuja nayo. Kijana akaandika neno la kwanza lililomjia: msumari. Jibu likaja kwamba hakuna kilichopatikana. Nyuma yetu kulikuwa na maboksi ya misumari yamepangwa hadi usawa wa kifua, na ndani ya tovuti kulikuwa na bidhaa inayoitwa "Misumari inchi 3". Mwenye duka alinitazama bila kusema neno.

Sababu ni rahisi. WordPress hutafuta ule mfuatano wa herufi jinsi ulivyoandikwa, ndani ya vichwa vya kurasa na maelezo yake. Herufi m-s-u-m-a-r-i hazimo ndani ya "misumari", kwa kuwa baada ya m inakuja i. Kwa Kiingereza wingi kwa kawaida huongezwa mwishoni, hivyo neno la umoja linabaki zima ndani ya neno la wingi na mfumo unalipata. Sisi tunageuza kichwa cha neno, yaani mwanzo wake. Kigae na vigae, kitasa na vitasa, kioo na vioo, mlango na milango, mfuko na mifuko: yote haya hayaonani.

Maneno ya ji na ma yana nafuu ya upande mmoja. Mtu akiandika "bati", atapata "mabati", kwa sababu bati limo ndani ya mabati. Vivyo hivyo tofali na matofali, bomba na mabomba, tairi na matairi. Lakini akiandika "mabati" na wewe kichwa cha bidhaa umeandika "Bati geji 30", hapati kitu. Kwa hiyo bidhaa za kundi hili ziandikwe kwa wingi kwenye kichwa, na umoja utajipata wenyewe. Nondo, saruji, rangi, koki na swichi hazina shida, kwani hazibadiliki.

Usidhani mtambo mkubwa unalimaliza tatizo peke yake. Chukua Meilisearch, mtambo mzuri wa utafutaji ambao mtu anaweza kuuweka kwenye seva yake (kompyuta inayohifadhi tovuti) bila kulipia leseni, na sifa yake kubwa ni kuvumilia makosa ya uandishi. Kwa mpangilio wake wa kawaida, neno la herufi tano na kuendelea linaruhusiwa kosa moja, na la herufi tisa na kuendelea makosa mawili. Kiwanja na viwanja vinatofautiana herufi moja tu, na neno lina herufi saba, hivyo ungetegemea lipatikane. Halipatikani. Kosa la herufi ya kwanza huhesabiwa kuwa makosa mawili, kwa hoja kwamba watu hukosea herufi ya kwanza kwa nadra. Hoja hiyo ina mantiki kwa lugha ambazo kichwa cha neno hakiguswi. Kwetu kichwa ndicho kinachobeba umoja na wingi.

PostgreSQL, programu ya kanzidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, nayo ina utafutaji wa maandishi unaojua kukata viambishi vya lugha nyingi, lakini Kiswahili hakimo kwenye orodha inayokuja nayo. Ila ina nyongeza iitwayo pg_trgm, ambayo huvunja neno vipande vya herufi tatu tatu na kulinganisha vipande. Kiwanja na viwanja vinashirikiana iwa, wan, anj, nja, pamoja na mwisho wa neno, na hiyo inatosha kuvuka kiwango chake cha kawaida cha kukubali kufanana. Msumari na misumari pia vinakubaliana. Kama fundi wako anakutengenezea mfumo wake mwenyewe juu ya PostgreSQL, muulize kama ameijaribu. Kwa Kiswahili naipenda kuliko njia nyingi za gharama.

Kama huna seva wala fundi wa namna hiyo, tiba ni ya mkono. Kizota tuliongeza mstari mmoja mwishoni mwa maelezo ya kila bidhaa: majina mengine. Chini ya saruji tukaandika simenti, sementi, mfuko wa saruji, mifuko ya saruji. Chini ya misumari tukaandika msumari. Chini ya rangi tukaandika langi, kwa sababu ndivyo baadhi ya wateja wanavyoandika, na mteja anayeandika langi ana fedha ileile. Kijana wa kaunta ndiye aliyeniorodheshea majina hayo, kwani ndiye anayeyasikia kila siku. Kazi ilitumia jioni nne. Mitambo mikubwa kama Meilisearch ina mahali maalumu pa kuingiza maneno yenye maana moja, hivyo orodha hiyohiyo inahamishika siku duka likikua.

Kuna viunganishi pia. Mtu akiandika "bati la rangi", WordPress inataka maneno yote matatu yapatikane. Ina orodha ya maneno madogo ya kuruka, lakini orodha hiyo ya asili ni ya Kiingereza, haijui kwamba "la" ni kiunganishi. Kama maelezo ya bidhaa ni mafupi mno na herufi "la" hazimo popote, bidhaa haiji. Andika maelezo ya sentensi mbili tatu na tatizo linapungua sana.

Njia zilizopo, kwa anayeamua leo

Kisanduku kinachokuja na WordPress ni cha bure na kinatosha kwa tovuti ya kawaida ya makala au duka dogo, mradi umefanya ile kazi ya majina. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 huweka mbele kurasa zenye neno kwenye kichwa, kwa hiyo kichwa cha bidhaa kiwe na jina ambalo watu wanalisema. Udhaifu wake: haivumilii kosa la herufi, haitazami kwenye sehemu za ziada ulizoongeza mwenyewe kama geji au eneo, na bidhaa zikiwa nyingi sana kwenye seva ya bei nafuu inaanza kuchelewa.

Google nao wana kisanduku cha kupachika, Programmable Search Engine. Hakina gharama, na Google wanasamehe makosa ya uandishi kuliko sisi sote. Kwa duka simshauri mtu. Toleo la bure huonyesha matangazo ndani ya matokeo, na tangazo hilo linaweza kuwa la mshindani wako. Tena kinaona tu kurasa ambazo Google wameshazipitia. Bidhaa uliyoiweka asubuhi inaweza isionekane jioni. Kwa jumuiya au kanisa lenye makala za miaka mingi, hapo sawa.

Kwa tovuti zisizo na kanzidata, zile ambazo ni kurasa zilizoandikwa tayari, kuna Pagefind na Lunr zinazotafuta ndani ya kivinjari cha msomaji mwenyewe. Lunr hupakua faharasa nzima, yaani orodha ya maneno ya tovuti, kabla ya kutafuta. Pagefind huikata vipande na kuchukua kinachohitajika tu. Msomaji wako akiwa Mpwapwa au Chemba na bando la kujibana, tofauti hiyo ni ya maana, na ningechukua Pagefind.

Mtambo kamili kama Meilisearch au Elasticsearch uache mpaka uwe na maelfu ya bidhaa na mtu wa kuutunza. Unataka seva yenye kumbukumbu ya kutosha na mtu anayejibu simu ukizima usiku.

Halafu kuna suala la PDF. Vyuo na ofisi nyingi hupakia matangazo na maelekezo ya kujiunga yakiwa yameskaniwa. Karatasi iliyoskaniwa ni picha tu, na kisanduku hakioni neno hata moja ndani yake. Nimeona tovuti ya chuo ambapo mwanafunzi akiandika "ada" anapata habari ya mahafali, ilhali ada yenyewe imo kwenye PDF iliyopigwa mhuri na kuskaniwa. Kabla ya kununua kisanduku, mwambie mhusika aandike yaliyomo kwenye ukurasa wa kawaida na PDF iwe kiambatisho. Kumbukumbu za Bunge ni mfano wa upande wa pili: Hansard zimepangwa kwa mkutano na kikao, na anayejua tarehe anafika kwa menyu bila taabu. Anayekumbuka hoja tu, hajui ilisemwa lini, huyo hana njia nyingine zaidi ya kutafuta ndani ya maandishi.

Daftari la wiki moja

Kabla hujalipa, weka daftari la kawaida kaunta au karibu na simu ya ofisi. Kwa wiki moja kila anayepiga au kuandika WhatsApp, andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe, usilisanifishe. "Mna vitasa vya Yale?" andika hivyo. "Ni bei gani kulala?" andika hivyo. Mwisho wa wiki soma. Maswali yakiwa yanajirudia machache, yaweke majibu yake kwenye ukurasa wa kwanza na kisanduku ukisahau. Yakiwa na masharti ya ukubwa, bei na mahali, agiza vichujio. Yakiwa majina ya vitu, mengi na tofauti kila siku, unahitaji kisanduku.

Daftari hilohilo ndilo la kumpimia fundi. Chukua maneno kumi kutoka humo, umoja kwa wingi, na moja lililokosewa herufi, uyaandike mwenyewe kwenye kisanduku siku ya makabidhiano, kwa simu yako na bando lako. Linalokosa jibu mwambie alirekebishe kabla hujatoa malipo ya mwisho. Na ukurasa wa "hakuna kilichopatikana" uwe na namba ya simu inayoguswa, pamoja na makundi makuu, kwa sababu siku moja atafika mtu kwenye ukurasa huo na bidhaa yake unayo.

Mwambie pia fundi akuhifadhie maneno yote yaliyokosa jibu. Mwenye duka wa Kizota husoma orodha hiyo kila Jumatatu asubuhi kabla hajafungua. Mwanzoni ilikuwa imejaa majina ya bidhaa alizokuwa nazo kwa jina jingine, na tukayaongeza moja moja. Siku hizi yaliyobaki ni ya vitu ambavyo kweli hana, na anayazungushia kalamu kabla ya kwenda Dar kununua mzigo.